Giaboksi ya KAQ

Fundi aliniuliza gari ni ya mwaka gani, nikamjibu, "KAQ."

Naanza na hilo kwa sababu hasira zangu ni nyingi na watu wa kuwagawia ni wengi, lakini fungu hili ni langu mwenyewe. Mtu wa Nairobi akiulizwa umri wa gari husoma herufi za namba yake. KAQ ni mzee. KBA amekomaa. KD ni mtoto wa juzi. Ndivyo tulivyokua huku mtaani Jericho. Tulijua umri wa magari yaliyopita barabarani kabla ya kujua umri wa mama zetu. Siku hiyo logibuku ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya nepi na chupa ya uji, na mwaka ambao gari liliundwa umeandikwa wazi. Sikuitoa. Fundi hakuiomba. Sote wawili tulitosheka na herufi tatu.

Gari lenyewe ni la baba. Ni lile la porini, refu, lenye tairi la akiba mgongoni na vijiti viwili vya gia: kimoja kirefu cha kawaida, na kingine kifupi cha kuamsha magurudumu yote manne. Baba aliliendesha miaka mingi kwa kampuni ya kuchimba visima kule kaskazini, kwenye mchanga na mawe, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi na vumbi hadi ndani ya masikio. Kampuni ilipofunga kazi, wakubwa walimwachia gari. Mama, enzi za uhai wake, aliliita jipu. Alisema halina dawa na limekaa mahali pabaya, maana lilijaza uwanja wetu mdogo hadi kamba ya nguo ikakosa pa kupita.

Sasa baba anasahau. Sisemi kusahau miwani. Anasahau kwamba mama alikufa, na kila akikumbushwa anafiwa upya, kwa hiyo niliacha kumkumbusha. Anasahau amekula. Anasahau choo kiko wapi katika nyumba ya vyumba viwili aliyoishi tangu nizaliwe. Daktari alinieleza kwa upole, ule upole wanaouvaa wakishajua hawana la kufanya, kisha akaniambia nijitunze. Nijitunze na nini? Nyumbani ni mimi, baba, na binti yangu wa miaka miwili. Baba wa huyo mtoto alijiendea zake, na hapa hana nafasi zaidi ya sentensi hii.

Mimi nimebeba jina la nyanya yangu, aliyemzaa baba. Kwetu magharibi, binti mwenye jina kama hilo babake hamwiti kwa jina, atamwitaje mamake kwa jina? Humwita "mama". Tangu nikiwa kwenye kanga baba ameniita mama. Nilipigwa na kuitwa mama, nikasifiwa na kuitwa mama. Shida ni kwamba mtaani kila mwanamke ni mama. Muuza sukuma wiki ni mama. Polisi wa kike ni mama. Basi ugonjwa ulipoingia nilipoteza hata neno la kujipimia. Akisema "mama", sikujua kama ananiita mimi, au anamwita nyanya aliyezikwa kabla sijazaliwa, au anamwita mwanamke yeyote aliyesimama mlangoni na sahani.

Ila ndani ya gari nilijua.

Kila asubuhi, watoto wa shule wakishapita, nilimpa ufunguo. Najua unachotaka kusema, wengi wamekutangulia. Mtoto simpandishi, sina wazimu, anabaki kwa jirani. Barabara yenyewe ni uchochoro wetu, kutoka mlangoni hadi kwenye transfoma na kurudi, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mkono wangu uko kwenye breki ya mkono wakati wote. Baba alikaa, akapapasa usukani, mguu ukakanyaga klachi, mkono wa kushoto ukaenda kushoto kabisa kisha mbele. Gia ya kwanza. Hakuangalia. Na kabla hajaachilia klachi alisema, kila siku bila kukosa, "Mama, shika mlango."

Mlango wa upande wangu kitasa chake kilikufa zamani, ukawa unafunguka gari likipanda tuta. Nyanya hakuwahi kuliona gari hilo. Mama alikaa nyuma siku zote kwa woga. Aliyekaa mbele na kuushika ule mlango ni mimi, tangu nikiwa na miaka saba, kwa mikono miwili, meno nimeyauma. Hakuna mama mwingine duniani aliyewahi kuambiwa aushike. Kwa hiyo asubuhi, kwa dakika kumi, nilikuwa na baba na baba alikuwa na mimi. Akishuka tu, nilirudi kuwa mama wa mlangoni.

Dakika kumi. Ndizo nilizokuwa nikilinda.

Halafu giaboksi ikaanza kunguruma. Baadaye ikawa inatema gia: baba anaingiza ya kwanza, kijiti kinaruka kinarudi katikati, anaingiza tena, kinaruka. Siku moja gari halikusogea kabisa. Baba aliendelea kukanyaga na kuingiza, kukanyaga na kuingiza, mpaka nikatoa ufunguo nikamwambia tumefika.

Nililivutisha gari hadi mtaa wa Umoja, kwa fundi kijana aliyesifiwa na kila mtu. Alizunguka mara moja, akasikiliza, akatingisha kichwa kama mtu wa mochari.

"Siste, giaboksi imekula beringi. Usiifungue hii. Ukifungua haifungiki. Tunatoa, tunaweka nyingine."

"Utaipata wapi?"

"Ya kwako ni ya mwaka gani?"

Hapo ndipo nikasema KAQ.

"Manze, una bahati hadi inatisha," akasema. "Kuna moja iligongwa mbele, iko hapo nyuma ya ukuta. KAQ pia. Rangi tu ndiyo tofauti. Hizo ni mapacha."

"Una hakika itaingia?"

"Siste! Kitu haiingii ni roho ya mtu. Chuma inaingia."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi, na mtoto mgongoni.

Siku ya tatu alinipigia simu na sauti yake ilikuwa imepungua. Nilipofika nilikuta sakafu ya gari la baba imekatwa. Pale kijiti cha gia kilipokuwa kikitokea palikuwa na shimo tupu, na nyuma yake, kiasi cha kiganja kizima, palikuwa na shimo jipya lenye kingo mbichi zinazong'aa. Ule mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma ulikuwa umelala chini, umepunguzwa kwa msumeno na kuunganishwa kwa kuchomelea.

"Ilikuwa refu kidogo tu," akasema.

"Si ulisema ni mapacha?"

"Ni mapacha, siste. Huyu mmoja alilala sana akarefuka."

Sasa sikucheka. Nilipiga magoti pale pale kwenye oili, nikatoa nepi, nikatoa chupa, nikatoa logibuku. Nikamwambia alete makaratasi ya lile gari lililogongwa. Alichelewa lakini aliyaleta. Yote mawili yalisajiliwa Kenya mwezi mmoja. Ila la baba liliundwa miaka sita kabla ya lile lingine. Lilikaa kwa wenyewe huko ng'ambo, likatumika, ndipo likaletwa. Herufi za namba zinasema siku gari lilipokanyaga nchi. Hazisemi lilizaliwa lini. Sisi tunazisoma kama cheti cha kuzaliwa, na fundi anayefungua magari kila siku alizisoma vilevile kama watoto wa barabarani.

"Lakini inatembea," akasema. "Hebu skiza." Aliwasha, akazunguka nalo. Ni kweli, lilikuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Ile giaboksi ya zamani nikaiacha pale, maana ndiyo desturi: spea iliyotoka ni ya fundi.

Nililiendesha mwenyewe kurudi nyumbani. Baba alinifundisha nikiwa kidato cha tatu. Juu ya kijiti kipya palichorwa mpangilio wa gia, nikauona. Kushoto kabisa na mbele, pale ya kwanza ilipokuwa, palikuwa na gia ya kurudi nyuma. Ya kwanza ilikuwa hatua moja kulia. Nikaona, nikajiambia, atazoea.

Atazoea! Mtu asiyeweza kuzoea kwamba mkewe amekufa.

Asubuhi iliyofuata baba alikaa. Akapapasa usukani. Mguu ukakanyaga klachi. Mkono ukaenda kwenye kijiti, ukakuta hewa. Ukabaki pale juu ya kiraka cha shimo la zamani, unafungua na kufunga vidole. Niliuchukua nikauweka juu ya kijiti, nyuma kidogo. Nikasema, "Hapa, baba, kisha sukuma katikati." Hakunisikia, au mkono haukunisikia. Ulikwenda kushoto kabisa, kisha mbele. Akasema, "Mama, shika..." akaachilia klachi.

Gari lilirudi nyuma. Nilivuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, lakini tulikuwa tumeshagonga mapipa ya maji ya jirani. Hakuna aliyeumia. Maji yalimwagika uchochoroni, mapipa yakabingirika, na binti yangu akapiga makofi mlangoni kwa jirani kwa sababu alidhani ni mchezo.

Baba alitoa mikono kwenye usukani polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe.

"Hii gari ni ya nani?"

"Ni yako, baba."

"Hapana." Alikiangalia kijiti, akaangalia kiraka. "Mwambie mwenyewe nimemrudishia. Sikuharibu." Kisha akanigeukia na kusema kwa adabu kabisa, vile unavyomwambia mtu wa kaunta, "Asante, mama. Naomba kushuka."

Adabu ile ndiyo iliyoniua. Angenitukana ningevumilia.

Siku zilizofuata hakutaka hata kutoka nje. Nilimwonyesha ufunguo akautazama kama kijiko. Akikaa kwenye kochi mkono wa kushoto ulikuwa unatembea pajani: kushoto, mbele, kushoto, mbele. Mchana aliniuliza kama mimi ni wa kampuni.

Kaka yangu alipiga simu kutoka mbali anakoishi na ushauri wake mwingi.

"Si uuze hiyo chuma? Mzee hata hajui ni gari."

"Anajua si lake. Huko nako ni kujua."

"Dada, wewe una hasira za bure."

"Za bure ni zako. Zangu nimezifanyia kazi."

Nikakata. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikarudi Umoja.

Giaboksi ya baba niliikuta chini ya kibanda cha chai kando ya gereji. Ilikuwa imelazwa, imewekewa gunia juu, na mwanamume mmoja wa miraba minne ameikalia, anakula mandazi.

"Inuka," nikamwambia.

"Salamu kwanza, mathe."

"Shikamoo. Inuka. Umekalia baba yangu."

Aliinuka haraka sana akatazama alipokuwa amekaa. Mwenye chai akaguna, "Uuui, leo kuna moto." Fundi akaja mbio akifuta mikono.

"Siste, hiyo imeshakuwa yangu. Unajua sheria."

"Sheria ni kwamba ulisema KAQ ni KAQ. Uliza gereji yote hapa nani alikata sakafu badala ya kusoma karatasi. Tuanze kuuliza? Nina sauti, na mtoto huyu anayo yake."

Alitazama wateja wake wawili waliokuwa wakisubiri. Akatazama mtoto. Kisha yeye na yule mla mandazi wakaibeba hadi kwenye mkokoteni. Lazima niseme na hili: mkokoteni ulipoanza kusogea alinifuata, akasema chini chini, "Siste, pole. Mimi hata shuleni tulisoma gari kwa namba." Nikamwambia na mimi pia. Hasira ilibaki palepale, ila ilipata mtu wa kukaa naye.

Mtaa wa Ziwani kuna fundi mzee, mtu wa kutoka Murang'a, aliyekuwa akimtengenezea baba gari zamani. Nilimwacha kwa sababu anachelewa. Huo ndio ubaya wake mmoja. Alisikiliza habari yote bila kunikatiza, akauliza swali moja tu.

"Mama, unataka gari itembee, ama unataka mzee aijue?"

"Aijue."

"Basi tuko na kazi."

Alifungua giaboksi ya baba, ile isiyofungika, akaitandaza juu ya gunia safi kama samaki. Beringi ilikuwa imesagika, na gia ya kwanza imeng'oka meno mawili. Kisha akaingia chini ya gari, akaitoa na ile mpya, akaifungua pembeni. Alichukua chaki akahesabu meno ya kila gia kwa sauti, mapengo akiyahesabu kama meno, kwa lugha yake, akiweka alama. Alihesabu mara mbili. Mara ya tatu alinipa mimi chaki, nikahesabu kwa Kiswahili.

"Zimelingana?"

"Zimelingana."

"Unaona? Nje hazijuani. Ndani, hawa wa kwanza ni ndugu. Waliongeza urefu, wakahamisha ya kurudi nyuma, lakini gia ya kwanza hawakuigusa." Alicheka kidogo, bila sauti. "Huyo kijana wako angefungua, asingekata."

Ilimchukua wiki tatu. Nilikwenda karibu kila siku na mtoto, nikashika tochi, nikaosha nati kwa dizeli. Hakuniambia niende nyumbani nikapike, na kwa hilo tu namwombea maisha marefu. Gia ya kwanza ya lile gari geni iliingia ndani ya nyumba ya giaboksi ya baba. Beringi alipata mpya. Mtaimbo aliurudishia urefu wake. Shimo la nyuma sakafuni aliliziba kwa bati la debe la mafuta ya kupikia; ukiinama unasoma maandishi nusu. Kijiti kikarudi kwenye shimo lake la zamani, na kushoto kabisa na mbele pakawa tena gia ya kwanza.

Siku ya kuchukua gari alinifungulia mlango wa abiria, akaufunga. Ukasema klaki, kavu.

"Kitasa nimeweka," akasema. "Zawadi. Huo mlango ungekutupa siku moja."

Nilisimama pale nimeshika mtoto. Nilitaka kumfokea mzee wa watu. Nilitaka kumwambia arudishe ubovu wangu. Kinywa kilifunguka, kikasema asante baba, nikaondoka.

Asubuhi ya kwanza baba hakuukubali ufunguo. Ya pili aliushika, akauweka mfukoni, akaenda kulala nao. Sikumlazimisha. Wiki nzima ilipita hivyo na nikaanza kujipanga moyoni kwa lile jibu lingine, kwamba nilichelewa, kwamba wiki tano kwake ni kama miaka kwetu. Nilijipanga pia nani nitamlaumu, na kila nikipanga nilianza na herufi tatu zilizotoka kinywani mwangu.

Siku ya nane alitoka mwenyewe. Alizunguka gari, akapiga teke gurudumu kama zamani. Akaingia. Nikambwaga mtoto kwa jirani na uji haujaisha, nikakimbia, nikapanda, nikafunga mlango. Klaki.

Akapapasa usukani. Mguu ukakanyaga klachi. Mkono ukaondoka kwenye usukani, mkono wa mzee kuliko mwezi uliopita. Ukashuka. Ukakikuta kijiti mahali pake. Ukaenda kushoto kabisa, kisha mbele, na nikaisikia ile gia ya kwanza ikiingia chini yetu, ya gari jingine, ndani ya chuma chake mwenyewe.

Baba hakuachilia klachi. Alitazama mbele, kwenye transfoma. Nilidhani imeishia hapo.

"Mama," akasema. "Shika mlango."

Ulikuwa umefungwa imara. Usingefunguka hata kwa nyundo. Nikaushika. Tulikwenda hadi kwenye transfoma na kurudi, mkono wangu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye kile kitasa kizima, na sikuuachilia hata alipozima gari na kuniuliza, kwa adabu, kama nami nashukia hapa.